Laptopu au Seva? Namna ya Kupima Kasi ya R Kabla Hujalipia Mashine ya Mbali

Mwambie mtu kwamba R yako, ile programu ya takwimu, imelala, naye atakujibu papo hapo: hamia kwenye seva. Pengine ndiyo dawa. Pengine utalipia mashine ya mbali kila mwezi, kazi ichukue muda uleule, halafu juu yake uongeze muda wa kupandisha faili kwa mtandao wa hapa Malindi.

Kiini kimoja (core) cha prosesa ya seva mara nyingi huenda kwa mwendo mdogo kuliko kiini kimoja cha laptopu nzuri ya miaka ya karibuni. Seva hushinda kwa wingi wa viini, kwa ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na kwa kukaa macho usiku kucha. R nayo, usipoiagiza vingine, hufanya karibu kila kitu kwa kiini kimoja. Mahamali kumi hawalifikishi gunia moja ghalani mapema kuliko hamali mmoja. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kazi yako inachelewa wapi, na hilo hupimwa.

Mfano nitakaoutumia ni wa rekodi za samaki kwenye madiko, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapotua: kila mstari ni chombo kimoja kilichorudi, diko lake, aina ya chombo, saa kilizokaa baharini na kilo zilizopimwa. Anayechakata data ya kaya, ya zahanati au ya shule abadilishe majina tu, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Zijue mashine zote mbili

Fungua R kwenye laptopu, kisha kwenye seva, na uandike majibu ya amri hizi:

```
R.version.string
sessionInfo()
parallel::detectCores(logical = FALSE)
parallel::detectCores()
```

Toleo la R liwe moja pande zote mbili, na matoleo ya paketi (nyongeza za R) pia. Seva ikiwa ya Linux, toka nje ya R uandike `lscpu`, `free -h` na `uptime`. Amri ya kwanza inakuonyesha prosesa, ya pili RAM iliyo huru, ya tatu mzigo uliopo. Namba tatu za mwisho za `uptime` ni wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15. Zikizidi idadi ya viini, kuna foleni, na utakachopima ni foleni hiyo wala si mashine.

Kwa seva ya kukodi, soma vizuri wanapoandika vCPU, yaani prosesa pepe. Kwenye mashine nyingi zenye prosesa za Intel, vCPU moja ni nusu ya kiini, kwa sababu kiini kimoja kinahesabiwa kama viwili. Mtu anaona "vCPU 4" kwenye orodha ya bei, anaona laptopu yake ina viini vinne, anadhani ni sawa kwa sawa. Si sawa.

Hatua ya 2: Tunga data ya kupimia

Usianze na data halisi. Data ya kutunga unaweza kuikuza na kuipunguza upendavyo, tena haina jina la mvuvi wala namba ya simu ya mtu.

```
set.seed(2024)
n <- 2e6
d <- data.frame(
  diko   = sample(paste0("diko", 1:12), n, TRUE),
  chombo = sample(c("mtumbwi", "ngalawa", "mashua"), n, TRUE),
  saa    = runif(n, 1, 12),
  kilo   = rgamma(n, 2, 0.3)
)
write.csv(d, "samaki.csv", row.names = FALSE)
```

Hiyo ni mistari milioni 2. Ndani ya R kila namba ya desimali inakula baiti 8, na kila neno linashikwa kwa kielekezi cha baiti 8 pia, kwa hiyo safu nne zinakaribia MB 64. Laptopu yoyote itaibeba. Ukitaka kujua mashine inakufa wapi, pandisha `n` iwe milioni 10, kisha 20.

Hatua ya 3: Pima kazi za aina tofauti, si moja

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Wanapima jambo moja, kwa kawaida kuzidisha matriksi (majedwali ya namba) kubwa, seva inang'aa, wanalipa. Kazi yao ya kila siku ni kusoma CSV (faili ya jedwali) na kupanga makundi, na huko seva haikuwa na cha kuwapa.

```
system.time(x <- read.csv("samaki.csv"))
system.time(y <- data.table::fread("samaki.csv"))
system.time(aggregate(kilo ~ diko + chombo, d, mean))
system.time(f <- lm(log(kilo) ~ saa + diko + chombo, d))
m <- matrix(rnorm(9e6), 3000)
system.time(crossprod(m))
```

Rudia kila mstari mara kadhaa na uchukue namba ya katikati, siyo iliyopendeza zaidi. Usomaji wa kwanza wa faili uandike peke yake: mara ya pili mfumo unakuwa umeshaiweka faili kwenye RAM, na diski haiguswi tena. Ukiwa na paketi ya `bench`, amri `bench::mark()` itakurudishia majaribio yenyewe, itakupa namba ya katikati, na itakuonyesha RAM iliyotumika.

Laptopu iwe imechomekwa kwenye stima, maana nyingi hujipunguza mwendo zikiwa kwenye betri. Na joto nalo. Mchana wa Februari au Machi, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, prosesa ikishapata moto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Jaribio la sekunde kumi halitakuonyesha hilo. Acha `lm`, amri ya regresheni, ijirudie kwa nusu saa uone kama muda wa mzunguko wa mwisho umekwenda mbali na wa kwanza. Kama umekwenda mbali, namba ya kulinganisha na seva ni ile ya mwisho, kwa sababu kazi yako ndefu itafanywa kwa mwendo huo.

Hatua ya 4: Soma namba tatu, usisome moja

`system.time()` inatoa kitu kama hiki (namba ni za mfano):

```
   user  system elapsed
 38.412   1.207  40.115
```

Ya kwanza ni sekunde ambazo prosesa ilifanyia kazi R yenyewe. Ya pili ni sekunde za mfumo wa kompyuta kuihudumia R, kama kufungua faili na kugawa RAM. Ya tatu ni muda uliopita kwa saa ya ukutani. Watu huangalia ya tatu peke yake, lakini habari yote imo katika uhusiano wao.

Jumla ya mbili za kwanza ikikaribiana na ya tatu, kama hapo juu, kiini kimoja kimefanya kazi bila kupumzika. Kazi hiyo itaharakishwa na kiini chenye mbio zaidi, au na wewe kuandika skripti vizuri zaidi. Seva ya viini 32 haitaigusa.

Ya kwanza ikiizidi ya tatu, sema 120 kwa 20, viini vingi vimefanya kazi pamoja. Kwa viini vingi zaidi, huenda ukapata faida.

Ya tatu ikiziacha mbali mbili za kwanza, sema 15 kwa 90, R ilikuwa inangoja: diski, mtandao, au RAM iliyojaa. Hapo hata prosesa ya bei gani haisaidii mpaka ujue inangoja nini.

Ukitumia RStudio Server kupitia kivinjari, namba hizi zinahesabiwa kulekule kwenye seva. Muda wa mchoro kusafiri hadi kwenye skrini yako haumo. Pima huo kwa saa ya simu, kuanzia unapobonyeza mpaka unapouona.

Kwa Stata, programu nyingine ya takwimu, andika `timer on 1` kabla na `timer off 1` baada ya kazi, kisha `timer list`. Kumbuka pia kwamba Stata/SE hutumia kiini kimoja hata ukiipeleka kwenye seva ya viini sitini. Anayetumia vingi ni Stata/MP, na leseni yake hutaja idadi ya viini. SPSS, nayo ya takwimu, huandika muda wa prosesa na muda uliopita kwenye jedwali la Notes, juu ya matokeo yake.

Hatua ya 5: Chunguza BLAS kabla ya kuisifu seva

Hesabu za matriksi R haizifanyi yenyewe. Inazikabidhi kwa maktaba iitwayo BLAS. R ya Windows huja na BLAS ya msingi, ya kiini kimoja na isiyo na haraka. Seva nyingi za Linux zimewekewa OpenBLAS, inayotumia viini vyote na kuujua vizuri muundo wa prosesa. Ukiona `crossprod(m)` imekwisha kufumba na kufumbua kwenye seva huku laptopu inahema, angalia kwanza mistari ya BLAS na LAPACK (maktaba mwenzake) katika `sessionInfo()`. Mara nyingi tofauti yote imo humo, na laptopu yenye Linux inapata OpenBLAS bure.

Halafu kuna jambo linalowashangaza hata wazoefu: `lm()` hainufaiki sana na BLAS nzuri. Ndani yake hutumia njia ya maktaba ya zamani, LINPACK, inayopita safu kwa safu, na haina nafasi ya kutumia zile hesabu kubwa ambazo OpenBLAS inaziharakisha. Ndiyo maana jaribio la matriksi na jaribio la `lm` vinaweza kutoa hukumu mbili zinazopingana kwenye mashine zilezile. Kazi yako ikiwa ni regresheni za kawaida, sikiliza jaribio la `lm`.

Hatua ya 6: RAM

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu halali kuliko zote ya kwenda kwenye seva. R huweka data yote ndani ya RAM na hupenda kujitengenezea nakala. Chukua ile `lm` yetu: madiko 12 yanazaa safu 11, vyombo vitatu vinazaa safu 2, ongeza saa na safu ya mwanzo (intercept), jumla 15. Mistari milioni 2 mara safu 15 mara baiti 8 ni MB 240, na hiyo ni matriksi ya modeli tu. `lm` inahifadhi nyingine ya ukubwa huohuo baada ya kuikokotoa, na katikati kuna nakala za kupita. Data ya MB 64 imekwishadai karibu GB nzima.

Pima kilele chake hivi:

```
gc(reset = TRUE)
f <- lm(log(kilo) ~ saa + diko + chombo, d)
gc()
```

Safu ya "max used" ndiyo ya kuangalia. Kilele kikikaribia RAM ya laptopu, mfumo unaanza kumwaga vitu kwenye diski na kuvirudisha, na kazi ya dakika tatu inageuka ya saa nzima huku kipanya chenyewe kikikwama. Laptopu ya GB 8, ukishatoa Windows na kivinjari chenye kurasa ishirini, imebaki na kama nusu. Kabla ya kukodi seva jaribu `fread` ya paketi ya `data.table` na usomee safu unazozihitaji tu kwa `select =`. Hilo huponya wagonjwa wengi.

Hatua ya 7: Mtandao una namba mbili

Kuna kuchelewa na kuna upana, na watu huvichanganya. Kuchelewa unakupima kwa `ping` ukielekeza kwenye seva yako. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo seva iliyo London, karibu kilomita 7,000 kutoka hapa, haiwezi kujibu chini ya milisekunde 70 kwenda na kurudi hata mtandao uwe wa malaika. Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, ni karibu kilomita 4,000: si chini ya 40. Namba halisi zitakuwa juu zaidi kwa sababu waya haunyooki. Data yetu hushuka kwanza Mombasa, zinakotua nyaya za baharini kama TEAMS na SEACOM zilizoanza kazi 2009, na EASSy ya 2010, ndipo ivuke bahari.

Kuchelewa hakuathiri hesabu. Kunaathiri kuandika kwako: kila herufi kwenye terminali inakwenda na kurudi kabla hujaiona. Michoro ndiyo inayoteseka zaidi ukitumia X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha ya Linux kwa mbali), maana kila mstari unatumwa kama amri. Ihifadhi kulekule kwa `png()`, kisha uteremshe picha moja.

Upana ndio unaoamua muda wa kupandisha faili. Chukua megabaiti, zidisha kwa 8, gawa kwa Mbps (megabiti kwa sekunde) za kupandisha. Za kupakua hazikuhusu. Faili ya MB 1,500 kwa Mbps 5 ni sekunde 2,400, yaani dakika 40. Ikibanwa kwa gzip ikashuka hadi MB 300, ni dakika 8. Tumia

```
rsync -av --partial --progress samaki.csv.gz mimi@seva:data/
```

kwa sababu mtandao ukikatika katikati, `--partial` inabakisha kilichokwisha kupanda, nawe unaendelea badala ya kuanza upya. Bando la simu nalo lihesabu: kupandisha kunakula kama kupakua.

Hatua ya 8: Majirani na akiba

Kwenye seva ya pamoja, ya chuo au ya ofisi, pima asubuhi, mchana na usiku. `detectCores()` itakutajia viini vyote vya mashine hata kama umepewa viwili, basi usiitumie kuamua idadi ya wafanyakazi, yaani nakala za R zinazofanya kazi pamoja.

Kwenye seva ya kukodi, endesha `top` wakati jaribio linaendelea na uangalie herufi `st`. Hiyo ni asilimia ya muda ambao prosesa ilitakiwa kwako ikapewa mwingine. Ikikaa juu ya sifuri kwa muda, unagawana mashine na watu wenye njaa.

Ogopa hasa mashine za bei nafuu zinazofanya kazi kwa akiba, kama familia ya T ya Amazon. Zinajiwekea akiba ya prosesa zikiwa zimekaa tu, zinakimbia kwa nguvu mpaka akiba iishe, kisha ama zinashuka mwendo ghafla ama zinakutoza zaidi, kutegemea ulivyozipanga. Jaribio fupi huangukia kwenye akiba na hutoa sifa ambazo kazi ya saa sita haitaziona. Dawa ni ileile ya joto la laptopu: pima kwa muda mrefu.

Hatua ya 9: Viini vingi

Kama kazi inagawanyika, mathalan kuchukua sampuli tena na tena mara 1,000, au modeli moja kwa kila diko, hapa seva ina haki ya kushinda. Lakini igawanye wewe mwenyewe:

```
library(parallel)
kaziB <- function(i) {
  s <- d[sample(nrow(d), 1e5, TRUE), ]
  coef(lm(log(kilo) ~ saa, s))
}
system.time(mclapply(1:200, kaziB, mc.cores = 1))
system.time(mclapply(1:200, kaziB, mc.cores = 4))
```

`mclapply` yenye zaidi ya kiini kimoja haifanyi kazi kwenye Windows. Huko tumia `makeCluster()` na `parLapply()`, ukijua kwamba kila mfanyakazi anapewa nakala yake ya data na RAM inazidishwa. Jaribu 1, 2, 4, 8 uone faida inakufa wapi. Na ikiwa kuna OpenBLAS, anzisha R kwa `OPENBLAS_NUM_THREADS=1`, la sivyo wafanyakazi wanane kila mmoja ataita viini vyote na watakanyagana.

Hatua ya 10: Majibu yawe sawa

Linganisha matokeo ya pande mbili kwa `all.equal()`, usitumie `identical()`, kwa sababu BLAS tofauti hutofautiana kwenye desimali za mwisho kabisa. Tofauti ikiwa kubwa na umetumia `set.seed()` ileile, angalia toleo: R 3.6.0 ya mwaka 2019 ilibadilisha namna `sample()` inavyochagua, na seva yenye R ya zamani kuliko hiyo itakupa sampuli nyingine kabisa.

Hatua ya 11: Piga hesabu ya jumla

Tuseme laptopu inamaliza kwa dakika 12, seva kwa 5, na kupandisha faili ni dakika 8 mara moja tu. Mzunguko mmoja: 12 kwa 13, laptopu imeshinda. Mizunguko miwili: 24 kwa 18. Kumi: 120 kwa 58. Kwa hiyo uliza utairudia kazi mara ngapi, na je, data inabadilika kila siku ikapandishwa upya?

Stima nayo ina nafasi kwenye hesabu hii. Ikikatika, laptopu ina betri yake ila ruta imezima, na kazi inayotegemea kivinjari wazi inaweza kukuacha gizani. Kwenye seva anza hivi:

```
tmux new -s samaki
Rscript kazi.R > kazi.log 2>&1
```

Bonyeza Ctrl-b kisha d, uondoke. Stima ikatike, ufunge laptopu, uende zako Watamu, kazi inaendelea. Ukirudi, `tmux attach -t samaki`. Kwa kazi ya usiku mzima mimi naihesabu faida hii juu ya kasi yenyewe, na wapo watakaokodi seva isiyoizidi laptopu yao mbio kwa ajili ya hili tu.

Kabla ya kupandisha data halisi, ondoa majina, namba za simu na za vitambulisho, uweke namba za kubuni badala yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 ina masharti kuhusu kupeleka data ya watu nje ya nchi, na seva ya Cape Town au London ni nje ya nchi.

Ukimaliza kupima seva ya kukodi, teremsha matokeo na uifute mashine pamoja na diski yake. Kuizima tu hakutoshi: kwa makampuni mengi diski inaendelea kutozwa, na mengine hutoza mashine iliyozimwa sawa na inayofanya kazi. Kisha rudi kwenye ukurasa wa malipo siku inayofuata uhakikishe namba imesimama.